Tuisome Bunduki Kuukuu Kabla ya Kuitia Moto

Bunduki iliyozeeka ina thamani gani? Swali hili halimo katika mitihani ya historia, na mwalimu akiliuliza darasani huenda akatazamwa kwa jicho la wasiwasi, maana katika nchi yetu neno bunduki limefungamana na ujambazi, mauti na vilio. Hata hivyo naliuliza, tena naliuliza nikiwa Kongowea, mahali ambapo soko na matatu vimeyafunika mambo mengi ya kale, kiasi kwamba kijana anayeshuka Kengeleni kila siku pengine hajui kengele iliyokipa kituo hicho jina ilitundikwa kwa kazi gani. Jibu langu nalitoa mapema ili nisimchoshe msomaji. Bunduki kuukuu ina thamani iliyo mbali na bei yake, na thamani hiyo imo hasa katika vile vituko ambavyo mnunuzi huviona kuwa ni kasoro.

Tuanze na mfano ulio wazi. Iko bunduki ya marisau ambayo mpigaji huishindilia kwa kuvuta na kusukuma kishikio kilicho chini ya mtutu. Kiswahili hakijaipatia jina lililotulia, nami nitaiita bunduki ya pampu. Marisau, kwa wale vijana ambao hawajalisikia neno hili, ni zile punje ndogondogo za risasi zinazotawanyika zitokapo, ambazo wazee wetu walizitumia kupigia ndege na wanyama waharibifu mashambani. Mashuhuri miongoni mwa bunduki za pampu za kale ni Winchester ya mwaka 1897, iliyobuniwa na Mmarekani John Moses Browning. Iliundwa kiwandani hadi mwaka 1957, yaani kwa muda wa miaka 60, na idadi yake ikapita milioni moja.

Bunduki hii ina tabia zake kama alivyo punda mzee. Nyundo yake iko nje, haikufichwa ndani ya chuma kama zilivyo bunduki za baadaye. Unapovuta kishikio, kipande cha chuma hutoka nyuma ya bunduki kwa kasi na kupita juu ya mkono ulioishika, na mgeni asiyeizoea, aliyeweka kidole gumba mahali pasipofaa, hung'atwa papo hapo. Aidha ukikibana kifyatulio na kukishikilia bila kukiachia, bunduki hulia yenyewe kila kishikio kinaposukumwa mbele. Bunduki za pampu za leo zina kipande kidogo cha kuzuia jambo hilo. Ya mwaka 1897 haina. Je, Browning alisahau? Sidhani. Fundi wa enzi yake hakuhesabu jambo hilo kuwa ni hatari, na jeshi lilipoichukua bunduki hiyo likaligeuza kuwa ni faida. Kwa hiyo kituko kimoja kinatuambia jinsi watu wa kizazi kimoja walivyoielewa hatari, na jinsi watoto wao walivyokuja kuielewa vingine.

Browning alikuwa ametangulia kubuni bunduki ya pampu ya mwaka 1893. Ikawa mashakani kwa sababu zama zilikuwa zinageuka: baruti nyeusi ya moshi mwingi ilikuwa inaondoka na baruti isiyo na moshi inaingia, nayo ina nguvu kuliko ile. Chuma kilichotosha jana hakikutosha leo, ndipo ikaja ya 1897 iliyoimarishwa. Alama nyingine ya mageuzi hayo imebaki ndani ya mitutu, kwani baadhi ya bunduki za zamani zilichimbwa chumba cha kupokea risasi fupi kuliko zinazouzwa siku hizi. Risasi ya leo yaweza kuingia, lakini ganda lake linapofunguka halina nafasi ya kutosha, na shinikizo hupanda kupita kiasi. Ndiyo maana mafundi waaminifu hupima chumba kabla ya jambo jingine lolote, na ndiyo maana mtu anayeokota chuma kuukuu na kukijaribu hucheza na uhai wake.

Hata kipimo cha mtutu ni somo la hesabu. Bunduki iitwayo ya namba 12 haikupewa namba hiyo kwa inchi wala kwa sentimita. Maana yake ni kwamba ukichukua ratli moja ya risasi, ile madini yenyewe, ukaigawa katika vidonge 12 vya mviringo vilivyo sawa, kila kidonge kitaenea barabara katika mtutu huo. Ndiyo maana namba 16 ni nyembamba kuliko namba 12, jambo linalomtatiza kila mwanafunzi anayelisikia kwa mara ya kwanza. Kipenyo cha namba 12 ni kama milimita 18.5. Mwalimu wa hesabu anayetaka kufundisha ujazo wa tufe kwa mfano usiochosha ameshaupata.

Na bei je? Huko Marekani wako wakusanyaji wanaolipa maelfu ya dola kwa Winchester ya 1897 iliyotumika katika mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ile iliyotengenezwa pahali pa kutilia singe. Lakini wana sharti moja linalowashangaza wengi. Bunduki iliyokwaruzika, iliyofifia rangi na kuchubuka kitako ina bei zaidi kuliko ile iliyong'arishwa upya ikawa kama kioo. Anayeipiga msasa na kuitia rangi huipunguzia thamani kwa mikono yake mwenyewe. Hapa pwani tunalielewa jambo hili vizuri, ingawa hatulitendi kila mara: mlango wa nakshi uliochongwa zamani, ukipakwa vanishi nzito hadi maua yake yakazibika, ni mlango uliofutwa usemi. Mikwaruzo ni maandishi.

Mwezi Septemba mwaka 1918 serikali ya Ujerumani iliishtaki Marekani kwa kutumia bunduki hizo mahandakini, ikidai kwamba zinavunja mkataba wa Hague kwa kuleta mateso yasiyo ya lazima, na ikatishia kwamba askari wa Kimarekani atakayekamatwa nayo atauawa. Marekani ikaikataa hoja hiyo. Wakati huohuo, katika bara letu, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa bado linapigana na Waingereza, na wengi wa askari wake Waafrika walikuwa wameianza vita ile mwaka 1914 na bunduki za mwaka 1871, za risasi moja moja na baruti nyeusi. Kila zilipolia, wingu la moshi lilipanda na kumfichulia adui pale mpigaji alipojilaza. Waingereza kwa upande wao waliwahi kuleta askari wa Kihindi na Waafrika waliokuwa na silaha bora. Mwanafunzi akiambiwa kwamba Tanga palipiganwa vita Novemba 1914 atakariri tarehe na kuisahau baada ya mtihani. Akionyeshwa bunduki ile na kuelezwa moshi wake, ataelewa kwa nini askari mweusi aliyepewa silaha kuukuu alikuwa katika hatari mara mbili: ya adui, na ya bunduki yake mwenyewe.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani, maana hadithi ya kupewa silaha iliyopitwa na wakati ni hadithi ya pwani hii. Wazee wetu walikuwa na gumegume, iliyowaka kwa jiwe, kisha gobori la fataki; zote mbili hushindiliwa kwa mdeki kutoka mdomoni. Katika karne ya kumi na tisa silaha hizi ziliingia kwa wingi kupitia Unguja. Nyingine zilikuwa zimetupwa na majeshi ya Ulaya, nyingine zimeundwa kwa bei nafuu kwa ajili ya soko la Afrika katika miji kama Birmingham huko Uingereza na Liège huko Ubelgiji. (Ni Liège hiyohiyo ambako Browning alifia kazini mwaka 1926, na kama kuna mji mmoja ambao chuma chake kimefika kila pembe ya dunia, basi ni huo.)

Kisha mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels yakatia sahihi mkataba ambao kila mwalimu wa historia anaufundisha kwa habari ya kukomesha biashara ya watumwa. Ni kweli, ulihusu hilo. Lakini ulikuwa na vifungu vya silaha pia. Kati ya nyuzi 20 kaskazini ya ikweta na nyuzi 22 kusini yake, bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Zilizoachwa ziendelee kuuzwa ni gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Tafakari hapo, ndugu msomaji. Sababu iliyotajwa ilikuwa kumlinda Mwafrika dhidi ya wateka watumwa, na sababu hiyo haikuwa uongo mtupu. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba wakati Ulaya inajipatia bunduki ya mzinga wa risasi nyingi, sisi tuliruhusiwa kisheria kubaki na jiwe la kuwashia. Miaka mitano baadaye, mwaka 1895, Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gasi alipoinuka dhidi ya Waingereza, walilazimika kuleta majeshi kutoka India ili kumshinda, na mwezi Aprili 1896 akavuka mpaka kuingia upande wa Wajerumani. Mtu anayeuliza kwa nini vita vile vilichukua muda mrefu hivyo, na kwa nini hatimaye vilishindwa, ajue kwamba sehemu ya jibu imo katika aina za bunduki zilizoshikwa na kila upande.

Na hapa Kongowea? Jina lenyewe ni la kale kuliko soko; katika mapokeo ya Mombasa, Kongowea ni mji wa Mwana Mkisi, kabla ya zama za Shehe Mvita, na washairi walilitumia kuitaja Mombasa nzima. Lakini kwa habari ya silaha, kumbukumbu iliyo karibu nasi ni Freretown. Mwaka 1875 wamishonari wa Kanisa la Kianglikana walianzisha makazi hayo kwa watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na yakapewa jina la Bartle Frere. Kengele ilitundikwa kuwaonya wakazi hatari inapokaribia. Hofu haikuwa ya kubuni, kwani mabwana wa Mombasa waliokuwa na watumwa hawakuyapenda makazi yaliyowapokea watoro, na kwa kipindi fulani wakazi wa Freretown walifundishwa kushika bunduki ili kujilinda. Kengele tumeihifadhi, nasi tunafanya vyema kuihifadhi. Bunduki zilizokuwa upande wa pili wa onyo lile hatuna hata picha yake akilini. Tumeweka sauti ya hofu tukatupa kitu kilichoogopwa.

Kuna mfano mwingine ambao ningependa walimu waujue. Baada ya Vita vya Kwanza, kampuni ya W. W. Greener ya Birmingham iliunda bunduki ya marisau ya risasi moja kwa ajili ya walinzi wa usiku wa vijiji vya Misri. Ilipewa kipimo cha namba 14, kisichokuwa cha kawaida, kwa makusudi: mwizi akiiba bunduki asipate risasi zake dukani. Wajanja wakachukua risasi za namba 16, ambazo ni nyembamba, wakazizungushia karatasi hadi zikaenea. Kiwanda kikajibu kwa kubuni risasi yenye shingo kama chupa na pini ya kugonga yenye ncha tatu, ili risasi ya kawaida isiweze kuwaka hata ikiingia. Ni mashindano ya akili kati ya mtawala na mtawaliwa, na yote yameandikwa ndani ya chuma. Bunduki za Greener zilifika Kenya pia. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950 zilikuwa mikononi mwa walinzi wa vijiji na polisi wa machifu katika maeneo ya Wakikuyu. Serikali ya kikoloni ilihitaji Waafrika wa kuilinda, lakini haikuwaamini vya kutosha kuwapa silaha bora. Mtu anaweza kusoma kurasa mia moja kuhusu siasa ya ukoloni asilione jambo hilo kwa uwazi kama atakavyoliona katika bunduki ya risasi moja aliyokabidhiwa mlinzi akapambane na watu wa msituni.

Sasa tugeukie sheria, maana hapo ndipo penye utata wa leo. Sheria ya Silaha, sura ya 114, haimruhusu mtu kumiliki bunduki bila cheti. Cheti ni cha mtu, si cha familia. Mwana harithi bunduki ya baba kama arithivyo mnazi au kitanda cha besera. Uwindaji nao ulipigwa marufuku mwaka 1977, hivyo sababu nyingi za kuomba cheti zikaondoka. Mwezi Desemba 2018 hata wale wenye vyeti halali waliamriwa kukaguliwa upya.

Tujaalie, basi, kwamba palikuwa na mzee mmoja wa Kisauni mwenye cheti na bunduki ya pampu ya zamani, aliyelinda mahindi na mihogo yake dhidi ya nguruwe mwitu na tumbili, katika siku ambazo upande huu ulikuwa bado na mashamba. Mzee amefariki. Shamba limekatwa viwanja, nyumba za kupanga zimesimama pale palipokuwa na mikorosho. Watoto wanaikuta bunduki imefungwa kwa kitambaa cha kaniki kilicholowa mafuta. Wafanye nini? Sheria inawataka waikabidhi, nao wanapaswa kuikabidhi. Lakini wanajua kwamba ikishaingia kituoni, hadithi ya baba yao imekoma: itaandikwa namba, itawekwa stoo, na siku moja itatiwa moto. Wengine huikabidhi kwa uchungu. Wengine, na hili ndilo linaloniogofya, huirudisha darini, na bunduki ya darini ni mali ya mwizi wa kwanza atakayeijua.

Sitaki mtu anifahamu vibaya. Sisi wa bara la Mombasa hatuhitaji kufundishwa kwa nini serikali ni kali. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakachukua makumi ya bunduki, na siku zilizofuata zilikuwa za mauaji na ukimbizi. Waliokuwapo hawajasahau, na watoto wao wameyarithi masimulizi. Serikali ilipochoma silaha haramu 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016, sikuwa miongoni mwa waliosikitika. Bunduki nyingi za namna hiyo hazina cha kutufunza ila huzuni. Chuma cha kijambazi na kiende motoni.

Ninachokiuliza ni kama kuna mtu anayezitazama kabla. Katika marundo kama hayo yaweza kuwamo gobori la karne ya kumi na tisa lenye muhuri wa kiwanda, au Greener ya enzi ya hali ya hatari, au bunduki ya pampu iliyokuja na mlowezi ikaishia kwa mpishi wake. Afisa wa polisi hakusomea kuzitambua, na si kosa lake. Mtu wa makumbusho amesomea, lakini hakuitwa.

Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inakiita kitu cha kale kile kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo haukuchaguliwa kwa bahati; ndio mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kwa mstari huo, gobori la wafuasi wa Mbaruk laweza kuwa ndani, na Winchester ya 1897 iko nje kwa miaka miwili, pamoja na kila Greener iliyowahi kushikwa na mlinzi wa kijiji. Yaani silaha zote za ukoloni wenyewe, tangu siku ulipoingia hadi siku ulipoondoka, ni takataka mbele ya tafsiri hiyo. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri uwezo wa kutangaza kitu, au aina ya vitu, kuwa vinalindwa kwa sababu ya historia au utamaduni, hata kama havikufika umri huo. Mlango upo, haujafunguliwa kwa ajili ya vitu hivi.

Napendekeza ufunguliwe. Mtaalamu mmoja wa Makumbusho ya Kitaifa apewe nafasi ya kuyapitia marundo kabla ya kila uchomaji. Atakachokichagua, ambacho hakitazidi vichache, kinyang'anywe uwezo wa kuua: mtutu uzibwe kwa chuma kilichoyeyushwa, pini ya kugonga itolewe, chumba cha risasi kikatwe upande ili mwanafunzi aone ndani. Nyuso na mihuri isiguswe kwa msasa. Familia inayokabidhi iandikishwe ilikotoka silaha, nani aliibeba, ililinda nini, na hati ya maelezo hayo ikae pamoja na chuma. Fort Jesus ni mahali panapofaa, kwani tayari pamehifadhiwa mzinga wa manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyozamishwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, na hakuna anayeogopa kwamba mzinga ule utalia usiku. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Na kwa kuwa kutoka Kongowea hadi ngomeni ni safari ya matatu moja kupita daraja la Nyali, mwalimu wa darasa la saba hatahitaji kuomba basi la shule. Atahitaji barua ya mwalimu mkuu, nauli, na swali moja la kuwapa wanafunzi wake wakiwa njiani: kwa nini bunduki ya mlinzi ilikuwa na risasi moja tu?